Chambo cha Mti: Kimdanganye Samaki, Kisimdanganye Mnunuzi

Mtu akisimama Illasit asubuhi isiyo na mawingu, bahari ndicho kitu cha mwisho kumjia akilini. Mbele yake umeinuka Mlima Kilimanjaro. Ng'ambo ya mpaka ni Tarakea na mashamba ya Rombo. Na nyuma yake nyika inateremka kuelekea Amboseli. Mji huu mdogo wa mpakani, ulio kusini mwa Kaunti ya Kajiado karibu na Loitokitok, hujulikana kwa mahindi, maharagwe, nyanya, vitunguu na mifugo. Mshipi na ndoana si bidhaa za huko. Hata hivyo makala haya tumeyaanzia huko, wala si Shimoni wala Malindi, kwa kuwa kitu tutakachokizungumzia huwa mti wa bara kwanza, kisha ndipo kiwe chombo cha baharini.

Kitu chenyewe ni chambo cha mti, yaani samaki bandia aliyechongwa kwa mkono, akatiwa waya, ndoana na rangi, akavutwa majini nyuma ya chombo ili samaki mkubwa amdhanie kuwa windo. Nyumba nyingi zetu zina kijana mwenye mikono mizuri na mfuko mtupu, na wazazi wake huuliza kila siku afanye kazi gani ya halali isiyohitaji mtaji mkubwa. Uchongaji wa chambo ni mojawapo ya kazi hizo. Lakini ni kazi yenye mtihani wake, na mtihani huo hauko katika kisu peke yake. Uko pia katika ulimi wa muuzaji.

Samaki gani hudanganyika

Jambo la kwanza ambalo mchongaji hana budi kulijua ni kwamba si kila samaki anayekula kwa macho. Nguru, kolekole, jodari, mzia na sulisuli ni wawindaji. Huona kitu kinachometa na kuyumba, wakakifuata na kukishika kabla ya kukichunguza. Hao ndio wateja wa chambo cha mti. Changu na wenziwe wa miambani huvutwa zaidi na harufu na nyama halisi, na mwenye kumwuzia mvuvi wa changu kipande cha mti kilichopakwa rangi amemwuzia pambo.

Kanuni hiyo hiyo inatumika katika maji baridi. Anayetoka Illasit kwa barabara ya Njukini kwenda Taveta hulifikia Ziwa Chala, ziwa lililomo ndani ya kreta, ambalo hulishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka mlimani. Mbele zaidi liko Ziwa Jipe. Maziwa yote mawili yana perege, na mtu asiyejua angedhani kuwa soko la chambo liko hapo hapo jirani. Sivyo. Perege hujilisha kwa mimea midogo ya majini na vijidudu, hafukuzi windo kama nguru. Soko la bara lingekuwa kwa wavuvi wa sangara wa Ziwa Viktoria, au kwa wale wapendao kuvua kwa kujiburudisha huko Naivasha, ambako samaki aina ya basi kutoka Marekani alipandikizwa katika miaka ya 1920. Na soko la pwani ni kubwa kuliko hayo, kuanzia Vanga hadi Lamu.

Wavuvi wetu hawakungoja kufundishwa hila hii. Wapo wafungao nyuzi za gunia zinazong'aa, manyoya, au kipande cha kitambaa cheupe juu ya ndoana, kisha wakarambaza huku tanga au mashine ikikivuta chombo. Kusini mwa Japani, wavuvi wa Kagoshima na visiwa vya Amami walichonga tangu zama za kale vipande vya mti vyenye umbo la kamba ili kunasia ngisi, na chambo cha namna hiyo sasa kinauzwa duniani kote. Kila penye watu na maji, mkono wa mwanadamu umejaribu kuiga windo.

Mtu maskini na kisu chake

Kisa kinachofaa kusimuliwa vijana ni cha Lauri Rapala wa Ufini. Alizaliwa mwaka 1905, akaishi maisha ya kibarua na mvuvi kandokando ya Ziwa Päijänne. Kila siku alitega ndoana nyingi kwa chambo hai, na kila siku muda mwingi ulimpotea katika kutafuta chambo chenyewe. Akiwa juu ya maji alitazama samaki wakubwa wanavyowinda, akaona kwamba hawashambulii kundi zima la vidagaa. Humchagua yule mmoja anayeyumba, aliye dhaifu, asiyekwenda sawa na wenziwe.

Mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa kisu cha fundi viatu. Mwili wake ulikuwa wa gome jepesi la koki; ngozi yake ya fedha ilikuwa karatasi ing'aayo iliyofungia chokoleti; na kwa kuwa hakuwa na vanishi, aliyeyusha filamu za picha kuukuu akaipaka ili maji yasiingie. Hakukusudia kufungua kiwanda. Alitaka kuvua samaki wengi zaidi ili familia yake ile. Majirani walipoona anavyorudi na samaki, wakaanza kumwomba awachongee na wao. Watoto wake waliingia katika kazi, na baada ya miaka mingi ya kuuza kidogo kidogo, mwaka 1962 jarida la Life la Marekani lilimwandika. Toleo hilo lilinunuliwa na watu wengi mno kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni habari za kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe. Maombi ya kununua yakamiminika kuliko mikono iliyokuwapo.

Katika kisa hiki wengi hukumbuka bahati ya jarida. Sisi twapenda msomaji akumbuke jambo jingine. Kabla ya kuuza, mtu huyu alikuwa mteja wa kwanza wa kazi yake mwenyewe. Chambo kibaya kilimlaza yeye na watoto wake njaa. Na hata kazi ilipokua ikawa kiwanda, desturi iliyobaki ni kwamba kila chambo hutiwa majini na kurekebishwa kwa mkono kabla ya kuingizwa katika boksi lake.

Tuna mfano wa karibu zaidi na kwetu. Inasimuliwa kuwa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza uchongaji kwa mafundi wa Kizaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha ujuzi huo kijijini kwake. Wamunyu haina bahari wala bandari. Lakini wachongaji wake waliteremka hadi Mombasa, na mwaka 1963 chama chao cha ushirika kikaundwa Changamwe, ambako hadi leo wageni huenda kuwatazama wakichonga. Basi asiambiwe kijana wa Illasit kwamba yuko mbali mno na maji ya chumvi. Kazi ya mkono husafiri.

Hao hao Wakamba wametufundisha na upande wa pili wa kazi. Kwa miaka mingi walichonga mpingo na muhugu, hata miti hiyo ikaadimika msituni, na fundi akalazimika kuifuata mbali zaidi kwa bei kubwa zaidi. Ndipo waliposhauriwa kugeukia miti inayopandwa na kukua upesi, kama vile mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mwenye kuanza leo aanze na somo hilo mkononi.

Mti wa mlimani

Kwa bahati njema chambo hakitaki mti wa thamani. Mpingo ukiutia majini huzama kama jiwe. Kinachotakiwa ni mti mwepesi, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo. Huku mlimani hiyo ndiyo miti ya kawaida. Upande wa Rongai, Tanzania, kuna mashamba ya serikali ya misonobari na misaipresi. Na mgrivilea umepandwa mipakani mwa mashamba kote Rombo. Msaipresi huchongeka vizuri. Msonobari nao unafaa, ila utomvu wake huisumbua rangi usipokaushwa sawasawa. Mgrivilea ni mzuri lakini unga wake huwawasha baadhi ya watu, basi fundi afunge kitambaa puani. Kwa walio pwani, msufi na mwembe, miti ambayo wazee walichongea mitumbwi, inatosha kabisa.

Wala hapana haja ya kukata mti. Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwenye karakana akajua upya thamani ya kila ubao. Nyuma ya kila seremala pana vipande vya urefu wa shibiri ambavyo huishia jikoni. Kipande kimoja cha namna hiyo hutoa chambo kimoja au viwili. Mchongaji akinunua vipande hivyo, au ubao mzima, ahakikishe kuwa mbao zenyewe zilivuka mpaka kwa stakabadhi. Kazi iliyoanza kwa magendo haipendezi hata ikimeta.

Vifaa ni vichache: msumeno mdogo, kisu kikali, tupa, msasa, keekee na jiriwa. Kipande hukatwa kwa urefu wa kama sentimita 12, kikachorwa umbo la samaki ubavuni na mgongoni, ndipo kisu kikaanza. Pande mbili lazima zilingane. Ubavu mmoja ukizidi, chambo kitalala upande na kuzunguka kama pia, na mshipi utasokoteka. Kisha hupasuliwa mfuo tumboni, kuanzia puani hadi mkiani, ili upitishwe waya mmoja usioshika kutu.

Hapa pana siri ambayo mnunuzi haioni. Wapo watengenezao chambo kwa kuskurubu kijipete puani na kingine mkiani, bila waya wa ndani. Kwa macho havitofautiani. Lakini nguru wa kilo 10 akivuta, skurubu hung'oka kutoka katika mti mwepesi, na samaki akaondoka na ndoana mdomoni. Penye waya mzima, hata mti ukipasuka, mshipi na ndoana hubaki vimeshikana.

Baada ya waya huwekwa chubwi kidogo la risasi tumboni ili chambo kisimame wima majini, mfuo ukazibwa kwa gundi isiyoingiwa na maji, na chini ya pua ukapachikwa mdomo wa plastiki ngumu au bati la alumini. Mdomo huo ndio unaokitia chambo uhai, kwani hupambana na maji kukifanya kiyumbe. Mwisho ni vanishi ya kuziba, rangi, macho, na vanishi tena mara mbili au tatu, kila mara ikaushwe. Mgongo mweusi au wa buluu na tumbo jeupe humfanana dagaa wa baharini. Wala rangi za kupendeza macho ya watu si lazima zipendeze samaki.

Kina mama na kina baba wazingatie mambo mawili. Risasi ni sumu. Isiyeyushwe jikoni wala karibu na watoto, na bora kununua vijichubwi vilivyo tayari. Na ndoana za meno matatu zifungwe mwisho kabisa, kisha zihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

Mtihani wa karai

Kabla ya chambo kuitwa bidhaa, lazima kitiwe majini. Illasit hapana bahari, lakini pana mitaro ya kumwagilia mashamba, na karai kubwa linatosha kwa kuanzia. Kwanza kiachwe kielee: kikae wima, tumbo chini. Pili kivutwe kwa uzi mahali penye maji ya kutosha: kiyumbe kushoto na kulia kwa kipimo sawa. Kikivutika upande mmoja, kijipete cha puani kipindwe kidogo kidogo kuelekea upande wa pili hadi kinyooke. Tatu, na hili wengi huliruka, kilazwe ndani ya maji usiku mzima. Asubuhi kikitolewa kikiwa kizito zaidi, au rangi ikiwa imevimba, maji yameingia. Chambo hicho si cha kuuzwa.

Hapo ndipo mtihani wa ulimi unapokuja. Kwa jicho la kawaida, chambo kilichoingiwa na maji kikikaushwa juani na kupakwa vanishi upya, hakuna atakayekijua. Mchongaji amekitolea nusu siku. Mnunuzi yuko Kipini au Gazi, hamjui, wala pengine hatamwona tena. Kwa nini asikitie pamoja na vingine?

Jibu liko baharini. Mvuvi anayekwenda kurambaza amenunua mafuta ya mashine, mara nyingi kwa kukopa, na amewachukua vijana wawili au watatu ambao fungu lao litatokana na samaki. Saa mbili za alfajiri ndizo saa za nguru. Chambo kikilala upande wakati huo, au skurubu iking'oka, hapana duka la kukimbilia. Chombo kinarudi mtupu, deni la mafuta linabaki, na nyumba kadhaa zinalala kwa chai kavu. Hasara hiyo haionekani Illasit. Haionekani, lakini ni yake aliyeisababisha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chambo kina tofauti kidogo, kwani kizuri na kibaya hufanana hadi vitakapofika majini, na wakati huo fedha zimekwisha kulipwa. Ndiyo maana wazee wetu wa sokoni walishika desturi ya kuitaja aibu ya bidhaa kabla ya kuitaja bei. Samaki kudanganywa ni katika uvuvi. Mvuvi kudanganywa ni wizi.

Bei na soko

Uaminifu hauna maana ya kuuza kwa hasara. Kosa la wachongaji wengi wachanga ni kuhesabu vifaa tu na kusahau mikono yao. Tuchukue mfano wa hesabu, si wa bei za soko. Tuseme mti, waya, ndoana, gundi na rangi vimegharimu shilingi 250, na kazi ni saa mbili na nusu kwa shilingi 100 kila saa, yaani 250 nyingine. Chambo kimoja kimesimama kwa 500. Lakini tuseme katika kila kumi, viwili vimeanguka mtihani wa karai. Gharama ya kumi, ambayo ni shilingi 5,000, sasa inabebwa na vinane, na kila kimoja kimekuwa 625. Bado nauli ya basi kupitia Taveta na Voi hadi pwani. Auzaye kwa 500 akidhani amerudisha fedha yake, amepata hasara asiyoijua. Na mtu wa namna hiyo ndiye ashawishikaye kurudisha vile viwili vibovu ndani ya kumi. Hesabu sahihi humlinda muuzaji na kishawishi.

Njia njema ya kuingia sokoni si kufungua duka. Ni kwenda kwenye bandari ndogo za wavuvi, kuonana na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu BMU, na kumkabidhi nahodha mmoja anayeaminika vyambo viwili kwa mali kauli: avitumie, akiridhika alipe, asiporidhika aeleze kasoro. Maneno yake yatakuwa na faida kuliko fedha yake. Atasema kama chambo kinakwenda juu mno, kama ndoana ni nyembamba, kama rangi inafaa maji machafu ya kusi au maji maangavu ya kaskazi. Mchongaji wa bara asiye na masikio ya kusikia hayo abaki kuchonga vinyago. Watalii wanaovua Watamu, Malindi na Mkondo wa Pemba nao ni soko, na hulipa zaidi, lakini waje baada ya nahodha kuthibitisha. Kila chambo kiandikwe tumboni alama ya aliyekichonga, ili kikifanya vizuri atafutwe, na kikiharibika pia apatikane.

Kuna faida nyingine isiyo ya mfukoni. Nyavu za kukokota zilipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 2001 kwa sababu huzoa vifaranga na kuharibu matumbawe, lakini si rahisi kumwambia mtu aache wavu ikiwa hana kingine mkononi. Mshipi na chambo cha mti humchukua samaki mmoja mmoja aliyekwisha kukomaa, na huwaacha vidagaa ambao wangetumiwa kuwa chambo. Hakuna anayedai kuwa kipande cha msaipresi kitaiokoa bahari. Lakini ni bora mkononi mwa kijana kuliko wavu wa macho madogo.

Maji ya Mto Lumi huanzia miteremko ya Kilimanjaro, yakapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe, yakatoka kwa Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho yakamwagika baharini mjini Pangani. Safari hiyo ni ndefu, nayo haikatiki. Mti wa mlima huo huo waweza kuifuata, ukiongozwa na mkono wenye subira. Mzazi mwenye kijana apendaye kuchonga na ampe kisu, kipande cha ubao na karai la maji. Na kitakapoanguka mtihani chambo chake cha kwanza, amtazame atakavyokifanya: ikiwa atakipasua na kuanza upya bila kuambiwa, mwana huyo amekwisha kupata kazi, inshallah.